Bilkisi na ndoo nne za mpunga

Mwaka ule mpunga ulipougua, Bilkisi binti Bilali alikuwa na miaka hamsini na minne, na mgongo wake ulikuwa umemtangulia kuzeeka. Kila asubuhi aliketi kwanza ukingoni mwa kitanda, akashika magoti, akangoja. Mwili ulipokubali, aliinuka. Kisha alitembea saa nzima kutoka mtaani kwao Kolwezi mpaka bonde la kijito cha Mutobo, upande wa barabara iendayo Nzilo, akavua viatu, akaingia matopeni.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kasongo, kule Maniema, ambako mtu aliyekula bukari, yaani ugali, bila wali husema hajala, amejaza tumbo tu. Mama yake aliposafiri kumfuata mume huku Katanga alibeba mbegu za mpunga ndani ya kitambaa, na alipoliona bonde la Mutobo, lenye maji mwaka mzima na lisilotakiwa na mtu, alilia kwa furaha. Watu wa mtaani walimcheka. Wao walilima mahindi na mihogo. Wali waliujua siku ya Idi, walipoalikwa na majirani Waislamu. Mama alipofariki, bonde likawa la Bilkisi.

Mumewe, Hassani, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka shaba hadi mpakani Kasumbalesa, na foleni ya kule ilimshika wiki mbili, mara nyingine tatu. Binti yao Leila alikuwa ameolewa Tenke. Kwa hiyo Bilkisi alikaa na mpunga wake kama wengine wanavyokaa na familia.

Lakini hakuwa peke yake bondeni. Mji ulipojaa watu wa migodi na migahawa ikaanza kupika wali kila siku, wanawake wengine walikuja kuomba kufundishwa. Mmoja wao alikuwa Mianda, kutoka Kasai. Alikuja Kolwezi akimfuata mumewe aliyechimba kobalti kwa mikono, na siku shimo lilipomfukia yule mume karibu na mgodi wa Mashamba, Mianda alibaki na watoto wanne na sepetu moja. Bilkisi alimpa kipande cha bonde na kumshika mkono mstari kwa mstari. Tangu hapo Mianda alimwita yaya, dada mkubwa.

Baada ya miaka kumi wanawake walifika ishirini na saba. Wote walijua jambo moja: hakuna aliyepanda miche kama Bilkisi. Mche aliouchomeka haukuelea, haukulala. Msimu wa kupandikiza ulipofika walimwita shamba baada ya shamba, naye hakukataa. Kabla ya kupanda alishika fungu la miche, akakata ncha za majani kwa kisu kidogo, chap, kama anayenyoa, ili upepo usiiangushe. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Wenzake walikaa pembeni wakimtazama tu, maana kumtazama kulipendeza.

Januari ile mvua zilikuwa nzuri. Wiki tatu baada ya kupandikiza, Bilkisi aliona majani machache shambani mwake yana mistari ya manjano iliyokatikakatika, kama mtu aliyedondosha rangi kwa brashi iliyokauka. Alidhani ni njaa ya udongo. Akamwaga samadi. Wiki iliyofuata manjano ilikuwa imeenea, mengine yakielekea rangi ya chungwa. Miche ilikoma kukua. Mahali ambapo shina moja lingezaa machipukizi kumi na tano, alihesabu manne. Kisha shamba la Mianda likafuata. Kisha jingine, na jingine.

"Ni ile mayi," Mianda alisema, akisimama ukingoni na mikono kiunoni. "Ile mayi ya mu mugodi. Baliua samaki, sasa banaua mupunga."

Hakuna aliyembishia. Miaka miwili kabla, kampuni moja ya machimbo ilikuwa imechimba mfereji wa kutoa maji shimoni mwake na kuyaelekeza kwenye Mutobo. Tangu siku hiyo samaki walipungua, na miguu ya wanawake iliwasha jioni. Walikuwa wamelalamika mara tatu bila mtu kuwasikiliza. Sasa walikuwa na ushahidi wa kushika mkononi. Walikubaliana kuandika barua, kufunga majani yaliyougua, na kwenda wote pamoja ofisini. Kampuni, kwa mara ya kwanza, iliwapa tarehe: mwanzoni mwa Machi. Msemaji wao angekuwa Bilkisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyelijua bonde kuliko wote.

Katikati ya siku hizo akaja Modeste, mtaalamu wa kilimo wa serikali. Alikuwa kijana wa makamo, mwembamba, mwenye pikipiki aliyoisukuma zaidi ya kuipanda kwa kukosa mafuta. Alizunguka bonde kutwa nzima, suruali imekunjwa hadi magotini, akigeuza jani moja moja. Jioni alimfuata Bilkisi.

"Mama, hii haiko mayi. Hii ni ugonjwa. Ni virusi ya mupunga."

Bilkisi alimtazama kwa uchovu, akamwita tata, yaani baba, kwa heshima. "Nani alikutuma, tata?"

"Hakuna mutu."

"Kila mutu mwenye kusema haiko mayi, kuko mutu alimutuma."

Modeste hakukasirika. Aliketi kwenye majani, akachukua jani lililougua na kulinyoosha juu ya goti lake. Alimweleza kwamba kirusi si mdudu. Hakina mdomo, hakina tumbo, hakiwezi hata kutembea. Ni kama amri iliyoandikwa, imekunjwa ndani ya ganda dogo mno lisiloonekana kwa macho. Nje ya mmea hakifanyi kitu. Kinaweza kukaa kwenye mabua makavu kikingoja. Lakini jani likipata jeraha, amri ile inaingia, na mmea unaisoma kama yake. Unaacha kazi zake, unaanza kutengeneza virusi vingine, maelfu kwa maelfu, vinavyosafiri kwa mishipa hadi kwenye majani machanga.

"Mupunga haiko na njaa juu ya kukosa chakula," alisema. "Inapika, lakini inapikia mugeni. Ule ukijani wa jani, ule wenye kukamata jua, unaharibika. Njo unaona manjano. Mumea unabaki mufupi. Na suke, ikitoka, inakwama mu shina, ao inatoka tupu."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa."

Bilkisi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi kama hakuna dawa, afazali ikuwe mayi. Mayi unaweza kuifungia njia."

Modeste akasema, "Usiniamini. Fanya weye mwenyewe, utaona."

Akamfundisha la kufanya. Bilkisi alikubali kwa sababu alitaka kumwonyesha kwamba anakosea. Alichukua ndoo nne, akazijaza udongo wa uani kwake, mbali na bonde, akapanda mbegu. Ndoo mbili alizimwagilia maji ya mfereji, aliyoyabeba kichwani kutoka Mutobo siku baada ya siku. Mbili alizimwagilia maji ya kisima. Miche ilipofikia kiganja, alitwanga majani yaliyougua na maji kidogo na mchanga laini, akachovya vidole, akasugua miche ya ndoo moja ya mfereji na ya ndoo moja ya kisima. Zile nyingine mbili alikuwa ameshazisugua kwa maji safi na mchanga. Akazitenga, akaosha mikono, akangoja.

Siku ya nane hapakuwa na kitu. Siku ya kumi na moja, alipokuwa anaanika nguo, aliona kwa mbali. Akaacha kitenge kimoja kikiburuzika chini.

Ndoo ya kisima, iliyosuguliwa ugonjwa, ilikuwa na mistari ya manjano. Maji yake yalikuwa yale yale aliyokunywa yeye mwenyewe asubuhi. Ndoo ya mfereji iliyosuguliwa ugonjwa ilikuwa vivyo hivyo. Lakini ile ya mfereji iliyosuguliwa maji safi ilikuwa ya kijani. Miche yake mifupi kidogo, ni kweli, na ncha za majani zimekauka. Maji yale hayakuwa rafiki. Ila kijani, kama ile ndoo ya nne, ya kisima iliyosuguliwa maji safi.

Alikaa chini kwenye sementi. Hakuwaza ndoo tena. Aliwaza neno la Modeste: jeraha. Alimpigia simu.

"Tata Modeste, ile virusi inaingia mu jeraha. Nani anafanya jeraha?"

"Kuko badudu badogo, mama, wenye kukula majani. Banatoka ku mumea mugonjwa, banaenda ku muzima. Ata panya. Ata..."

"Ata kisu?"

"Ata kisu, mama. Na mikono."

Bilkisi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliinuka, akaenda bondeni mchana ule ule, akatembea shamba hadi shamba akikumbuka. Msimu wa kupandikiza, Jumatatu alikuwa ameanza na lake, palepale ambapo mabua ya msimu uliopita yalikuwa yamechipua upya bila kung'olewa, na kwenye machipukizi yale, sasa alikumbuka, kulikuwa na madoa aliyoyadharau. Jumanne kwa Mianda. Jumatano alipumzika. Alhamisi kwa mwenzao mwingine, mke wa Polycarpe. Mashamba yalikuwa yameugua kwa mpangilio huo huo, kama mtu anayesoma majina kwenye orodha.

Na mwisho wa juu wa bonde, pale mfereji wa kampuni ulipoingia kijitoni, palikuwa na shamba la Laurentine, mwanamke aliyegombana na Bilkisi miaka mitatu iliyopita kuhusu mpaka. Laurentine hakumwita. Alirusha mbegu zake kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku, na wenzake walimcheka kwa uvivu wake. Alikuwa wa kwanza kupokea maji ya mgodi. Mpunga wake ulikuwa kijani mpaka ukingoni.

Jioni Hassani alipiga simu kutoka foleni ya Kasumbalesa. Bilkisi alimweleza yote. Nyuma ya Hassani ilisikika milio ya malori.

"Nyamaza, Bilkisi," alisema. "Ile mayi nayo iko mubaya, si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi acha baende na majani yabo. Kwa nini ujitie weye mwenyewe mu moto? Ulifanya makusudi?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Alitaka kumtii. Siku mbili alimtii. Lakini kila alipokuta mwanamke aking'oa magugu katikati ya mpunga mgonjwa, kisha akivuka kwenda kwenye mstari mzima kwa mikono ile ile, alisimama ukingoni akimtazama mikono. Ugonjwa ulikuwa bado unatembea, na yeye alijua unatembelea nini.

Wanawake walikutana shambani kwa Mianda kupanga safari ya ofisini. Bilkisi alikuja na ndoo zake nne kwenye mkokoteni wa kukodi. Alizipanga juu ya tuta, akaeleza ipi ni ipi. Hakujua kuzungumza kwa mapambo. Alisema alichofanya, alichokiona, kisha akasema, "Ugonjwa ilitoka kwangu. Nilibaletea na kisu yangu, na hii mikono. Sikujua. Lakini ni miye."

Wanawake walisogea kuziangalia ndoo.

Mama mmoja, Kabamba, alikuwa wa kwanza kusema. "Kampuni ilikupatia nini, mama Leila?"

"Hakuna kitu."

"Leo unabeba ndoo, kesho tutaona nyumba ya ghorofa."

Wengine walicheka, lakini si kwa raha. Bilkisi aliwaomba jambo moja tu. "Muende. Museme ile ya samaki, museme ile ya miguu kuwasha. Ile ni kweli. Lakini haya majani muache. Kule kuko batu walisoma. Bakiona majani batasema siye ni baongo, na ile ya kweli haitasikiwa tena."

Mianda aliinuka. Alikuja mpaka mbele ya Bilkisi, karibu sana.

"Yaya. Ni weye njo uliua mupunga yangu?"

"Ni miye."

"Ulinikamata mukono, ukanionyesha."

"Ndiyo."

Mianda alimtazama kama anayengoja aongeze kitu. Kisha akageuka, akaingia shambani mwake na kuendelea kung'oa magugu, akiwapa wote mgongo.

Walienda ofisini bila Bilkisi, na majani walibeba. Aliyewapokea alikuwa na mtaalamu pembeni yake. Mtaalamu yule aliyaangalia majani kwa dakika moja, akasema jina la ugonjwa kwa Kifaransa, na mkutano ukaisha. Habari ya samaki haikufika mezani. Mfereji unatiririka mpaka leo. Kabamba alipompita Bilkisi njiani siku ya pili alitema mate pembeni, si juu yake, lakini karibu. Kuwa sahihi hakukumsaidia Bilkisi chochote. Aliporudi nyumbani alipika wali, akashindwa kuula.

Mavuno ya mwaka ule hayakuwa mavuno. Masuke mengi yalibaki yamebanwa ndani ya mashina, na yaliyotoka yalikuwa na punje za kahawia, nyepesi, ambazo ungepuliza zikaruka zote bila kubaki hata moja kwenye ungo.

Kiangazi kilipoanza Bilkisi alifanya kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Modeste alikuwa amemwambia kwamba kirusi kinalala kwenye mabua na machipukizi yanayobaki, na kwenye nyasi fulani za kando ya maji. Kwa hiyo aling'oa. Alianza na shamba lake, akakusanya, akachoma. Kisha alikwenda kwa kila mwanamke kuomba ruhusa ya kung'oa lake. Wengine walisema ndiyo bila kumtazama. Wawili walimfungia mlango. Mianda alimjibu kupitia binti yake: afanye anavyotaka. Aling'oa shamba la Mianda kwa siku tano, kwa magoti, kwa kuwa kuinama kulishamshinda. Hassani alipokuwa nyumbani alimsaidia kwa siku moja, akanung'unika saa zote, lakini alisaidia.

Siku ya sita Laurentine alitokea na jembe begani. Hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mitatu. Laurentine aliangalia bonde, akaangalia marundo, akasema, "Unang'oa bibaya. Mizizi inabaki." Kisha akaanza upande wa pili. Walifanya kazi hadi adhuhuri bila kuongea, wakafanya na kesho yake. Kuhusu ule mpaka hawakuzungumza kabisa, na sidhani watauzungumza.

Mvua ziliporudi, wanawake kumi na mmoja ndio waliorudi bondeni. Modeste aliwakalisha chini, na safari hii walimsikiliza. Walipanda mapema, vitalu vyao vikiwa mbali na mashamba ya zamani. Hakuna aliyekata ncha za miche. Kila mtu alipandikiza lake mwenyewe, na aliyetaka kuingia shamba la mwenzake alinawa kwa sabuni kwanza, mikono na jembe. Mche ulioonyesha manjano uling'olewa siku hiyo hiyo pamoja na majirani zake. Bilkisi, ambaye zamani bonde zima lilimgoja, alipanda shamba lake peke yake. Watu walipita. Wachache walisimama kidogo kumtazama, kwa mazoea, kisha wakaondoka.

Ugonjwa haukwisha. Ulirudi kwenye kingo, karibu na nyasi, na shamba moja lilipotea nusu. Lakini yale mengine yalizaa, na mwezi wa tano kulikuwa na mpunga wa kutwanga. Si kama miaka ya nyuma. Kiasi cha kutosha kusema kwamba msimu ulikuwepo.

Mianda hakulima mwaka ule. Aliuza makayabu, samaki mkavu wa chumvi, sokoni. Bilkisi alikuwa amezoea kupita njia nyingine ili wasikutane, mpaka siku moja alipochoka hata kuzunguka, akapita mbele ya meza yake moja kwa moja.

"Yaya," Mianda aliita. Bilkisi akasimama. Mianda alikuwa anapanga vipande vya samaki, hakuinua macho. "Ile virusi, inakaaka mu mbegu?"

"Modeste anasema hapana. Mbegu haibebe."

"Mbegu uko nayo?"

"Niko nayo."

"Utaniachia kidogo kwa mama Kabamba. Mi nitatuma mutoto atakamata." Alipanga kipande kingine. "Nitapanda miye mwenyewe. Usikuye kunisaidia."

"Sitakuya."

"Na roho bado inauma. Sikuongopee."

"Najua, Mianda."

Mteja alifika, akauliza bei, na Mianda akamgeukia. Bilkisi alingoja kidogo, akaona hakuna kingine, akaenda zake. Alipita kwa Kabamba kumwambia kwamba mbegu italetwa kesho. Kabamba aliitikia kwa kichwa tu. Kisha alitembea hadi nyumbani katika vumbi la malori, akanawa miguu, akajilaza juu ya mkeka mlango ukiwa wazi, jua lingali juu, na akalala usingizi mzito mpaka adhana ya alasiri ilipomwamsha.